Skima ya maji ya bahari mjini Tukuyu: hewa kwanza, maji baadaye

Vijitabu vinavyokuja ndani ya boksi la skima, lile chujio la povu la matangi ya samaki wa bahari, huandikwa kwa ajili ya mtu anayekaa karibu na usawa wa bahari, kwenye nyumba isiyo na jiko la mkaa na yenye umeme wa uhakika. Maji huelezwa kwa kirefu: kina chake, chumvi yake, kasi ya pampu. Hewa hupewa mstari mmoja au miwili, kana kwamba ni ileile popote. Ukiifunga mashine hiyo Tukuyu, mita 1,500 hivi juu ya bahari, kwenye baridi ya wilaya ya Rungwe na madirisha yaliyofungwa, mstari huo mmoja hautoshi. Hapa nachambua ufungaji wa skima kwenye tangi la nyumbani la lita 200, na msimamo wangu ni kwamba kwa mazingira ya Rungwe mfungaji anatakiwa aanze na hewa inayoingia kwenye mashine, ndipo aje kwenye maji.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Skima huvuta maji ya tangi, huyachanganya na hewa iliyokatwakatwa kuwa viputo vidogo mno, huviacha viputo vipande ndani ya mnara wa plastiki, kisha hukusanya povu linalofika juu. Kinyesi cha samaki, mabaki ya chakula na ute wa matumbawe huacha ndani ya maji protini, mafuta na vitu vingine ambavyo molekuli zake zina tabia mbili: upande mmoja unapenda maji, mwingine unayakimbia. Molekuli ya aina hiyo haitulii katikati ya maji. Hutafuta mpaka ambapo maji yanakutana na hewa na kung'ang'ania hapo, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Kila kiputo ni mpaka wa namna hiyo unaotembea, nao hupanda juu ukiwa umebeba abiria wake.

Ndiyo maana udogo wa kiputo ni kila kitu. Lita moja ya hewa ikigawanywa kuwa viputo vya kipenyo cha milimita 1, jumla ya ngozi zake ni mita za mraba 6. Ikigawanywa kuwa viputo vya nusu milimita, ngozi hiyo inakuwa mita za mraba 12, kwa hewa ileile. Skima ya kawaida ya tangi dogo ikivuta lita 300 za hewa kwa saa na kuzikata kwa ukubwa huo wa nusu milimita, ndani ya saa moja imetandaza mita za mraba 3,600, eneo linalokaribia ekari moja, ndani ya mnara unaoweza kuubeba kwa mkono mmoja. Mashine za zamani zilitegemea vipande vya mti laini vilivyosukumiwa hewa na pampu ndogo. Mjerumani Erwin Sander ni miongoni mwa waliozieneza katika miaka ya 1960, zikiwa na mtindo wa maji kushuka wakati viputo vinapanda, ili vikutane kwa muda mrefu zaidi. Baadaye wafugaji wa Berlin walizifanya skima zenye nguvu, pamoja na mawe hai kutoka baharini, kuwa msingi wa tangi zima la matumbawe. Za siku hizi nyingi zina pampu ambayo feni yake imejaa vijipini. Hewa huingia kupitia tundu la venturi, na vijipini huipigapiga mpaka maji yanakuwa meupe.

Mashine hii ni ya maji ya chumvi, na sababu unaweza kuiona hapohapo wilayani. Mto Kiwira unapojibamiza kwenye mwamba pale Kijungu, maji hugeuka meupe kwa viputo, lakini muda mfupi baadaye yanakuwa angavu tena. Kwenye maji baridi viputo viwili vikigusana huungana, vinakuwa kikubwa kimoja, kinapanda haraka na kupasuka. Chumvi ya bahari huzuia muungano huo, kwa hiyo viputo hubaki vidogo na hukaa ndani ya maji kwa muda mrefu. Craig, Ninham na Pashley walilionyesha jambo hilo kwa vipimo mwaka 1993, kwamba chumvi za aina fulani, ikiwemo ya kawaida, zikifikia kiwango fulani majini viputo huacha kuungana. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo ya maji, juu kabisa ya kiwango hicho.

Kwa hiyo anayetaka kufuga samaki wa maziwa yetu ya kreta asinunue skima. Ziwa Masoko, ambalo wengi wanaliita Kisiba, lina samaki wa jamii ya *Astatotilapia calliptera* waliowavuta wanasayansi wa dunia nzima: utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ukiongozwa na Milan Malinsky, ulionyesha kwamba ndani ya ziwa hilo dogo samaki hao wanagawanyika kuwa makundi mawili, la njano kandokando na la bluu kwenye kina. Kwangu mimi tangi la samaki hao ndilo lenye heshima kubwa kuliko yote kwa mtu wa Tukuyu, na sponji nzuri yenye bakteria inalitosha. Lakini mwenye moyo wa kuweka kipande cha Bahari ya Hindi sebuleni, juu ya mlima, anahitaji skima, na tuendelee naye.

Sasa hewa. Kwenye mita 1,500 mgandamizo wa hewa ni asilimia 83 hivi ya ule wa pwani. Watu wakisikia hivyo hudhani skima itatoa povu hafifu na wananunua kubwa kuliko inavyohitajika. Hilo si sahihi. Venturi hunyonya hewa kwa tofauti ya mgandamizo inayoletwa na kasi ya maji, na ujazo unaoingia haupungui. Hewa nyepesi huingia kirahisi kidogo zaidi. Ngozi ya viputo inafuata ujazo, haifuati uzito. Upande wa povu, Tukuyu na Tanga ziko sawa.

Kinachobadilika ni gesi. Skima ndiyo pia pafu la tangi: hupeleka oksijeni majini na kutoa kaboni dioksidi. Maji ya bahari yenye nyuzi joto 25 hushika miligramu 6.7 hivi za oksijeni kwa lita yakiwa pwani. Tukuyu hushika kama 5.6. Tangi letu la lita 200 likiwa limejaa oksijeni kadiri linavyoweza, lina gramu 1.1 tu, wakati la mwenzetu wa Dar es Salaam lina zaidi ya gramu 1.3. Akiba hiyo ndogo ndiyo inayoamua idadi ya samaki. Ningeweka pungufu ya kile ambacho vitabu vinaruhusu, kwa angalau sehemu moja ya tano, na nisingeyumba hata skima iwe nzuri namna gani.

Kaboni dioksidi inaleta hadithi yenye pande mbili. Kwa sababu hewa ni nyepesi, maji yaliyotulia na hewa ya nje ya Tukuyu hubaki na kaboni dioksidi pungufu kidogo, na pH yake hupanda kidogo, chini ya 0.1. Hiyo ni faida kwa matumbawe, yanayojenga mifupa yao kwa urahisi zaidi pH ikiwa juu. Faida hiyo inapotea siku ya kwanza ya baridi. Juni na Julai jiko la mkaa huletwa ndani au hubaki jikoni mlango ukiwa wazi kuelekea sebuleni, madirisha yamefungwa, watu wamekaa pamoja. Hewa ya nje ina kaboni dioksidi ya sehemu 420 hivi kwa milioni. Chumba cha namna hiyo hupita 1,000 bila shida. Kila inapoongezeka maradufu, pH ya maji hushuka kwa 0.2 hadi 0.3. Skima inayonyonya hewa ya chumba hicho usiku kucha inaipeleka kaboni dioksidi majini kwa bidii ileile ambayo ingeitumia kuitoa. Mfugaji anaona pH 7.7 asubuhi, anamwaga dawa ya kuipandisha, inashuka tena, anaongeza. Dawa haina kosa lolote. Kosa liko kwenye mahali mpira wa hewa unapoanzia.

Suluhisho lake ni rahisi mno. Mpira wa hewa wa skima urefushwe, upite kwenye tundu la ukuta au pembeni mwa fremu ya dirisha, mdomo wake uwe nje, umeangalia chini ili mvua isiingie, na uwekwe kipande cha wavu wa mbu kuzuia wadudu. Mpira mrefu hupunguza hewa, hivyo tumia wenye kipenyo kikubwa kidogo kuliko ule wa mashine na uupunguze kwa kiunganishi pale mwishoni. Uwe mbali na dohani, mbali na jenereta, na usiwe juu ya banda la ng'ombe. Mvua ya Rungwe, inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka katika maeneo mengi, itafanya mdomo huo uote kuvu. Uangaliwe kila unapoosha kikombe.

Kuna sababu nyingine ya kuutoa mpira nje, na hii ni ya kufa na kupona. Dawa za kupulizia mbu na zile za kuwasha za mviringo zina sumu za jamii ya pairethroidi, ambazo huua kamba na kaa kwa kiasi kidogo sana. Pampu inayokata mamia ya lita za hewa kwa saa kuwa viputo vidogo ni njia bora kabisa ya kuiyeyusha dawa hiyo ndani ya maji. Mvuke wa mafuta ya kukaangia nao huingia kwa njia hiyohiyo, na mafuta hulivunja povu. Hata mpira ukiwa nje, chumba chenye tangi kisipuliziwe dawa.

Tukigeukia maji, Tukuyu ina bahati na mitego. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 850, kwa hiyo maji ya bahari yanatengenezwa nyumbani: chumvi maalumu ya matangi, kilo 7 na kidogo kwa lita 200, mpaka kipimo cha uzito wa maji kisome 1.025 au 1.026. Chumvi ya jikoni, iwe ya Uvinza au ya pwani, haifai, maana karibu yote ni sodiamu kloridi, wakati matumbawe yanahitaji magnesi, kalisi na viambata vingi vingine. Maji ya mvua ni laini na ni safi kuliko ya visima vingi, lakini yakipita kwenye mabati hubeba zinki, na zinki huua viumbe wasio na uti wa mgongo. Yakingwe kwenye turubai safi la plastiki au yapitishwe kwenye chujio la resini kabla ya kuchanganywa. Baadhi ya chemchemi za ukanda huu wa volkano zimejaa kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni gesi hiyohiyo ambayo kampuni ya TOL Gases inaivuna eneo la Kyejo, Busokelo. Maji ya namna hiyo yapigwe hewa usiku mzima kabla ya kuyapima, la sivyo kipimo cha pH kitakudanganya.

Chini ya tangi kuu kuwe na tangi dogo la kupokea maji, na skima ikae humo. Hapa ndipo wafungaji wengi hukosea kwa sentimita chache. Skima nyingi za ndani hutaka maji yenye kina cha sentimita 18 hadi 23. Kijitabu chako ndicho kitakachosema namba halisi. Kina kikizidi, maji yanapanda shingoni na kikombe kinajaa maji matupu. Kikipungua, povu halifiki juu. Tatizo ni kwamba kina hicho hakitulii chenyewe, kwa sababu maji yanatoka kama mvuke kila saa. Tangi la chini ligawanywe kwa kipande cha kioo, skima ikae kwenye chumba ambacho maji yake humwagikia upande wa pili kwa kimo kilekile daima, na upungufu wote uonekane kwenye chumba cha pampu ya kurudisha maji juu.

Kuhusu mvuke, usidanganywe na ukungu wa Tukuyu. Mtu anaweza kudhani kwenye mji wenye unyevu kiasi hiki maji hayatapungua. Lakini tangi lina nyuzi 25 na chumba usiku wa Julai kinaweza kuwa na nyuzi 14. Hewa hiyo hata ikiwa imejaa unyevu, mvuke wake una nguvu nusu tu ya ule unaotoka kwenye maji ya tangi. Maji yatapungua, na yatarudi kama matone kwenye vioo vya dirisha na madoa ya kuvu ukutani. Yanayopungua ni maji matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo unaongeza maji baridi yasiyo na chumvi, kila siku, kidogokidogo. Joto lenyewe litunzwe na hita mbili za wati 150 badala ya moja ya 300, ili ikiharibika moja nyingine ishikilie mpaka asubuhi. Kifuniko chepesi nacho kinasaidia, mradi kiache nafasi ya hewa kupita.

Mashine mpya isiwekwe moja kwa moja. Plastiki hutoka kiwandani na mabaki ya mafuta, na mafuta yataifanya ichezecheze kwa siku kadhaa: leo povu halipo, kesho linafurika. Iendeshe kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu yenye siki kwa saa chache, isuuze vizuri, kisha iweke mahali pake. Koki ya kutolea maji ifunguliwe yote mwanzoni. Valvu ya hewa pia iachwe wazi yote, na hapo nasisitiza: hewa isibanwe ili kurekebisha povu. Marekebisho yote yafanywe kwa koki ya maji, robo mzunguko kwa mara moja, kisha usubiri hadi kesho yake. Tangi lisilo na samaki halina uchafu, hivyo wiki ya kwanza kikombe kikavu hakimaanishi mashine mbovu. Wanaoharibu kipindi hiki ni wale wanaokaa mbele ya skima na kuizungusha kila dakika kumi.

Lengo la marekebisho linaonekana kwa macho. Ndani ya mnara maji ni meupe na mazito kwa viputo. Karibu na mwanzo wa shingo weupe huo unaanza kuachana: viputo vinakuwa vikubwa, vyenye kuta, maji yanatiririka kati yake kurudi chini. Mpaka huo kati ya maji meupe na povu lenye kuta ndio unaoupandisha au kuushusha kwa koki. Ukikaa chini ya shingo, povu hupanda polepole, hukauka njiani, na huacha utando wa kahawia mweusi unaonata na kunuka kama mwani uliooza. Ukikaa juu zaidi, kikombe hupata majimaji mengi ya rangi ya chai ya rangi. Kwa Tukuyu napendelea hali ya katikati, ikielekea majimaji, kwa sababu povu kavu sana huacha uchafu mwingi kwenye kuta za shingo, na shingo chafu huua povu. Shingo ifutwe kila baada ya siku mbili au tatu, kikombe kioshwe kwa maji matupu. Sabuni isiguse kabisa. Mkono uliopakwa losheni ukiingia majini, povu litalala kwa saa nyingi. Hilo si hitilafu, litarudi lenyewe.

Tusiipe skima sifa isiyo yake. Ken Feldman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walizipima skima kadhaa mwaka 2009, na wakakuta zote, za bei ndogo na za bei kubwa, huondoa asilimia 20 hadi 30 tu ya kaboni ya kikaboni waliyoweza kuipima majini, kisha hufika kikomo. Iliyobaki haishikiki na viputo. Amonia na nitrati haziguswi kabisa. Kwa hiyo mawe yenye bakteria, ubadilishaji wa maji na mkono mwepesi wakati wa kulisha bado ni lazima. Kwangu matokeo hayo ni habari njema kwa mfugaji wa Rungwe: pesa ya kununua skima ya kifahari iende kwenye mpira wa hewa, hita ya pili na chujio la maji.

Limebaki suala la umeme. Ukikatika, maji yaliyokuwa kwenye mabomba na ndani ya mnara wa skima hushuka yote kwenye tangi la chini. Kwa mfumo huu ni lita kadhaa, na nafasi ya kuyapokea iachwe tangu siku ya kupima kioo. Wakati huohuo pafu limesimama. Gramu 1.1 ya oksijeni haisubiri fundi, kwa hiyo pampu ndogo ya hewa inayotumia betri iwe imeshaunganishwa kwenye tangi kuu na iwake yenyewe umeme unapopotea. Umeme unaporudi hatari inageuka: kwa dakika chache tangi la chini lina maji mengi kuliko kawaida, na skima ikiwaka muda huo itasukuma maji safi ya chumvi hadi kwenye kikombe na kuyamwaga sakafuni. Skima ipewe swichi yake. Pampu ya kurudisha maji iwake kwanza, kimo cha maji kitulie, dakika kumi zipite, ndipo skima iwashwe.